Herufi ya Jembe

Tarehe kumi na tisa Machi tulimzika kaka yangu Lazaro kando ya migomba yake hapa Kikwe, na siku hiyo hiyo nikampoteza mara ya pili, maana katika historia yake iliyosomwa mbele ya jeneza waliandika kwamba ujanani alikuwa mpishi wa Mzungu. Ulikuwa mstari mmoja tu, katikati ya ubatizo wake na idadi ya wajukuu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, nimejifunika khanga hadi puani, na nilichokisikia ndani yangu hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, ile ile ya zamani, ambayo nilidhani imezeeka pamoja nami, kumbe yenyewe haikuzeeka. Niseme ukweli tangu mwanzo, kwa kuwa sina muda wa kusema vingine: Lazaro alipika kweli, kwa miezi minne. Baada ya hapo alikuwa msomaji, na aliyoyasoma yamo kwenye kitabu huko Ulaya hadi leo, chini ya jina la mtu mwingine.

Mwaka ninaousema ni ule ambao reli ilifika Moshi, enzi za Wajerumani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma shule ya misheni miaka mitatu, sina ninalolijua vizuri ila kuandika. Lazaro alinizidi miaka mitano, tayari ana mke na ng'ombe wawili. Nyumba tuliyofanya kazi ilikuwa juu kidogo ya Mto Usa, ya mawe, yenye baraza pana upande wa mlima, na mwenyewe tulimwita Bwana Daktari kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Jina hilo lilimtesa. Akina mama walishuka kutoka Akeri na watoto wenye homa, wakaketi barazani kwake wakingoja, naye akatoka na leso mdomoni, akikohoa kuliko wagonjwa wenyewe, akisema yeye ni daktari wa vitabu. Mama mmoja alimuuliza Lazaro, vitabu navyo vinaumwa nini? Lazaro akamjibu kwamba vinaumwa uzee, na huyu Bwana kazi yake ni kuvisikiliza kifua. Jibu hilo halikuwa mbali na kweli.

Alikuwa amefuata hewa ya mlima kwa ajili ya mapafu yake. Kwao alisoma chini ya profesa mmoja mkubwa, na profesa huyo alikuwa ameungana na maprofesa wa vyuo vikuu viwili vingine, mmoja Ufaransa na mwingine Italia, ili watoe pamoja shairi refu la Kilatini lililotungwa na mtawa mmoja zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Shairi lilikuwa limebaki katika vitabu vichache vya ngozi vilivyonakiliwa kwa mkono, kila kimoja katika nchi yake, na hakuna viwili vilivyofanana neno kwa neno. Basi waligawana. Kila mmoja anakili kitabu chake herufi kwa herufi, kisha nakala ziwekwe pamoja ijulikane mtawa alisema nini hasa. Bwana Daktari aliangukiwa na kurasa kumi na moja za kitabu kilichokuwa Ufaransa. Zilipigwa picha juu ya vioo, na vioo vikaja kwa meli hadi Tanga, kisha kwa reli, kisha vichwani mwa wapagazi, kila kimoja kimeviringishwa pamba kama yai. Haya yote niliyajua kwa kuyasikia. Aliyaeleza mezani kwa wageni wake, walowezi wenzake, ambao macho yao yalikuwa kwenye nyama.

Lazaro alitoka jikoni hivi. Mchana mmoja alipeleka bakuli la supu katika chumba cha vioo, akamkuta Bwana Daktari amesimama dirishani, ameinua kioo kwenye mwanga, anataja herufi kwa sauti na kutukana kwa Kijerumani. Kwenye vile vioo maandishi yalikuwa meupe na karatasi nyeusi, na macho ya Bwana yalikuwa mabovu. Kaka yangu herufi alizijua kutoka darasa la ubatizo, tena alikuwa mtu wa kumtambua ng'ombe wake akiwa ng'ambo ya bonde kwa doa la sikioni. Akasimama mlangoni na supu yake, akatazama, halafu akasema kwa adabu kwamba ile herufi ya nne Bwana anayoiita u si u, ina pembe mbili zilizoinama ndani, ni sawasawa na ile ya mstari wa chini yake, na ile ya chini Bwana aliiita a. Bwana Daktari akaangalia kwa muda mrefu. Supu ikapoa. Kesho yake jikoni aliwekwa mtu mwingine, na mimi nikaitwa kutoka misheni kwa ajili ya mwandiko wangu.

Tulifanya kazi asubuhi, jua likiwa upande wa dirisha. Lazaro anainua kioo, anasoma kwa sauti, mimi naandika mezani, Bwana Daktari amelala kwenye kiti chake kirefu na blanketi magotini. Kilatini hatukukijua. Lakini a, e, i, o na u zake ni zile zile za Kiswahili, na Bwana alipenda kusema kwamba sisi tunakitamka vizuri kuliko watu wa kwao. Herufi za mtawa zilikuwa na maumbo ya ajabu, hivyo Lazaro akazipa majina ya vitu vya nyumbani: hii pembe, hii kwato, hii kamba. Herufi r ilikuwa na shina refu lililoshuka na bapa lililochomoza mbele, akaiita jembe. Hilo jembe lilikuwa na faida yake. Nyumbani kwetu l na r zilikaa chumba kimoja na hakuna aliyezigombanisha. Mama yetu hadi anakufa alimwita mwanawe Razaro. Yeye mwenyewe akisoma, hasa neno lenye r mbili zilizokaribiana, ulimi wake uliiacha ya kwanza ikawa l, ingawa jicho lake halikukosea. Kwa hiyo tulipatana. Kila penye jembe aliligusa bega lake kwa vidole viwili, mahali mtu anapobebea jembe akienda shamba, nami nikaandika r hata kama sikio limesikia l. Bwana Daktari hakuwahi kuona. Alidhani anajikuna.

Chakula cha mchana tulikula nyuma ya nyumba, mimi na Lazaro, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando tuliyoletewa na mke wake kwenye kibuyu, maziwa yakiwa makali vizuri. Kupitia dirisha la jikoni tulisikia meza ya ndani. Siku moja walikuwapo wageni wawili, na Bwana Daktari akamwita Lazaro aende ajitaje jina. Akajitaja. Wakamwambia arudie, polepole. Akarudia. Vicheko vilivyotoka humo ndani bado ninavyo. Aliporudi aliketi, akachovya kidole kwenye loshoro, akasema, "Wametoka mbali sana kuja kucheka jina ambalo ni la kwao." Nilicheka hadi nikapaliwa. Yeye alikuwa hivyo, tusi likimpiga anageuza mzaha, linapita. Mimi silipitishi. Niliumbwa tofauti, wala sijisifu kwa hilo.

Neno moja tu Bwana Daktari alitufasiria mwaka mzima. Lilikuwa kwenye kioo cha saba, mara tatu katika ukurasa mmoja: *peregrinus*. Lazaro aliuliza maana yake, kwa kuwa alipenda mlio wake. Bwana akavuta pumzi, akatazama mlima, akasema ni mtu aliye mbali na kwao. Kisha akaongeza, kama mimi. Tulipotoka nje Lazaro akaniambia, "Yeye ndiye aliye mbali na kwao, lakini shamba analokaa ndilo la kwetu." Hata hivyo alilipenda neno hilo, na alilipenda shairi. Akipalilia alikuwa akitamka mistari mizima kwa moyo, bila kujua inasema nini, na mkewe akamuuliza kama amejiunga na dini nyingine.

Nami niliwahi kuuliza jambo. Niliona neno moja limeandikwa namna mbili kwenye mistari miwili, nikasema huenda moja ni kosa, nilisahihishe? Bwana Daktari aliketi wima. Alisema vitabu vyote vya dunia viliharibiwa na waandishi waliofikiri. Mwandishi mjinga ananakili kosa na kweli pamoja, na mwenye akili atazitenganisha baadaye. Lakini mwandishi anayefikiri anazika kweli na hakuna atakayeifukua. "Usifikiri," akaniambia kwa Kiswahili chake kigumu. "Andika unachosikia." Katika kazi ile alikuwa sahihi. Namchukia, lakini kwa hilo alikuwa sahihi.

Kioo cha saba kilivunjika siku ya Alhamisi, saa nne hivi asubuhi. Tulikuwa tumemaliza kukisoma, na nakala ya mkono ya kwanza, ile ya kuchorachora, ilikuwa tayari. Lazaro alikuwa ameenda mtoni kunywesha nyumbu wa Bwana wa kupanda. Mimi nilikuwa napiga mistari kwenye karatasi safi. Bwana Daktari alikiinua kioo mwenyewe kwenye mwanga ili aone lile neno lake, kikohozi kikamshika, kioo kikagonga ukingo wa dirisha na kuanguka. Akanitazama. Nikamtazama. Akapiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja, akavifunga katika pamba ile ile vilivyokuja nayo. Mchana alikula viazi na nyama ya kondoo, akaongezewa.

Jumamosi alikuja jirani yake, nami nilikuwa sebuleni nikikunja vitambaa vya meza. Kijerumani changu kilikuwa cha jikoni, lakini siku hiyo kilinitosha. Bwana Daktari alisema kioo ni mali ya maktaba, na Mfaransa atapata la kusema, na profesa wake ataaibika mbele ya wenzake. Mtumishi akivunja, hiyo ni ajali ya Afrika, kila mtu ataielewa. Ila haitoshi kuandika hivyo tu, inafaa iwepo karatasi ya serikali, yenye mhuri, kwamba mvunjaji amejulikana na ameadhibiwa. Jirani akasema, "Mtu unaye."

Jumatatu Lazaro alipewa barua ampelekee ofisa kwenye kambi ya askari, mwendo wa nusu siku. Alifurahi kutembea. Mimi nilijua ndani ya barua mna nini, na sikusema. Naandika hili kwa sababu sitaki mtu afikiri hasira yangu ni ya Bwana Daktari peke yake. Nilijiambia kwamba nimesikia vibaya, kwamba Kijerumani changu kidogo. Nilisimama kwenye ngazi ya baraza nikamwangalia anavyoteremka, barua ameishika mbali na mwili asiichafue kwa jasho. Alichapwa viboko ishirini na tano kwa kosa alilosomewa akiwa tayari amelazwa. Siku ya tatu akarudi, anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, na mkononi amemletea Bwana Daktari ile karatasi ya mhuri. Kaka yangu alichapwa ili barua ya kwenda chuo kikuu iwe na mhuri. Nimetafuta miaka yote namna nyingine ya kulisema jambo hili, sijaipata.

Juma lililofuata meli ya barua ilikuwa inasubiriwa, na ukurasa wa saba ulikuwa bado haujanakiliwa safi. Lazaro hakuweza kuketi. Walimtandikia ngozi sakafuni katika chumba cha vioo, akalala kifudifudi, nakala ya kuchorachora imewekwa chini ya uso wake, akasoma, kwa kuwa Bwana hakukubali nakala safi iandikwe bila msomaji. Sauti yake ilikuwa ile ile. Alisoma kama kwamba ukurasa ule hauhusiani na yaliyompata, na hilo ndilo lililoniumiza. Tukafika kwenye neno. Akasema, "Pelegrinus." Nikainua macho kutafuta vidole begani. Mkono ulianza kwenda, ukafika kiunoni, ukarudi. Mgongo haukumruhusu.

Nilijua ni jembe. Nililijua neno lile kama jina langu. Nilimwangalia Bwana Daktari amelala kwenye kiti chake na blanketi, macho ameyafumba, na nikakumbuka amri yake. Sikufikiri. Niliandika nilichosikia. Mara ya pili likaja, nikaandika l. Mara ya tatu, l. Tulipohakiki mimi ndiye niliyesoma kwa sauti, na ulimi wangu ni wa nyumba ile ile, hivyo Lazaro akasikia alichosema yeye mwenyewe, akaitika kila mstari. Bwana Daktari akatia sahihi chini, kwamba amelinganisha nakala hii na asili kwa macho yake, bila kuinuka. Nakala ya kuchorachora niliitumia kuwashia jiko kwa mkono wangu. Sikujua kama nimefanya kitu kikubwa au kidogo. Nilijua tu kwamba katika mali yake kuna kitu kimoja kibovu, na nimekiweka mimi.

Kabla ya vita vya kwanza Bwana Daktari aliondoka kurudi kwao. Lazaro alirudi shambani. Mistari mingine ilimtoka kadiri alivyozeeka, mingine haikumtoka, na akiulizwa na wajukuu alisema jambo moja tu kuhusu mwaka ule, kwamba macho yake hayakumkosesha herufi hata moja. Alilisema kwa fahari. Miaka karibu sitini nilikaa jirani yake, tukala sherehe na misiba pamoja, na kila aliposema hivyo nilinyamaza.

Siku ya tatu baada ya maziko alikuja kutoa pole mwalimu mmoja wa chuo cha wachungaji cha Makumira, Mwalimu Simioni, mtoto wa hapa hapa Meru, amesomea Kilatini kwa mambo ya dini. Akasema shikamoo bibi, nikamwitikia, akapewa chai. Alipomaliza pole akasema ana swali ambalo ni la aibu kulileta msibani, lakini alisikia kanisani kwamba marehemu alikuwa mpishi wa Mzungu wa Usa. Akatoa kitabu kwenye mkoba. Alisema walimu wa vyuo vikuu vya nchi kadhaa, na yeye kati yao kwa njia ya barua, wanalitengeneza upya shairi la mtawa mmoja wa zamani. Kitabu cha ngozi kilichokuwa Ufaransa kiliungua katika vita vya pili. Kimebaki katika nakala za wale wa kwanza, na kurasa kumi na moja zilinakiliwa huku kwetu. Kuna ukurasa mmoja una jambo. Akanifungulia, akaweka kidole chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Sikuhitaji miwani.

Alinieleza taratibu, kama anayemwelezea bibi asiyejua. Kwa hizo l tatu Bwana Daktari aliandika makala akionyesha kwamba aliyenakili kitabu kile hakuwa Mfaransa bali mtu wa kusini, aliyekuja na ulimi wa kwao, mgeni aliyeliandika neno la mgeni kigeni. Makala hiyo ilimpa uprofesa. Wengine waliipinga, wengine wakajenga juu yake, na ubishi haujaisha. "Tunachotaka kujua," akasema, "ni kama alikuwa mwangalifu. Kama alinakili mwenyewe."

Nikisema, kila kitu cha yule mtu kinaanguka. Nikisema pia, Lazaro aliyejivunia kutokosa herufi, ambaye udongo wake haujakauka, ataandikwa kwamba alisema l mahali pa r. Nilimtazama mkewe mzee uani akipepeta mahindi. Nikaanza kusema, na nikasema yote, pembe na kwato na jembe, Alhamisi, karatasi ya mhuri, ngozi sakafuni, mkono ulioishia kiunoni. Mwalimu Simioni aliacha kuandika katikati, kisha akaendelea.

"Bibi," akasema nilipomaliza, "makala yake haitasimama tena."

"Isisimame."

"Na yeye amekwisha kufa siku nyingi."

"Najua. Mimi sijafa."

Akainamisha kichwa. Akauliza aandike kosa ni la nani, la msomaji au la mwandishi. Nikamwambia aandike kwamba msomaji aliona r, na kwamba mkono wake haukuinuka kwa sababu ya viboko, na kwamba mwandishi, dada yake Marta, alijua na akaandika l kwa makusudi. Aandike hivyo hivyo, asinipambie. Akaandika. Aliniahidi litachapwa kule chini, kwenye maandishi madogo, ambako ndiko wenye kazi hii wanakotazama kwanza.

Kisha akauliza jina la kaka yangu aliandikeje, ili lisikosewe huko Ulaya. Nikamwambia, andika unachosikia. Nikalitaja kama alivyolitaja mama yetu, Razaro. Mwalimu Simioni akanitazama, kalamu imesimama hewani, nami nikaweka vidole viwili begani. Akaandika r.